Mali Kauli

Nilipokuwa mwalimu kijana wilayani Kibondo, mapema katika miaka ya 1980, sabuni ilinunuliwa usiku. Mchana duka la kijiji lilikuwa na mizani, meza iliyofutwa vumbi na mwuzaji anayesinzia, lakini rafu zilikuwa tupu. Sukari ilipatikana kwa kibali, mafuta ya taa kwa foleni, na khanga kwa bahati. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza mwaka 1982, nyumbani hatukuwa na hata kipande cha sabuni cha kufulia nepi. Usiku wa pili nilitoka bila taa, nikaenda kwa mzee mmoja upande wa Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi, nikarudi na miche minne ya sabuni na kitenge kimoja. Fedha sikuwa nayo. Alinipa mali kauli, yaani kwa neno la mdomo tu, nilipe mwisho wa mwezi.

Nisingeyakumbuka haya leo kama si redio. Mnamo Januari 2025 ilitangazwa kwamba Rais Donald Trump wa Marekani, siku moja tu baada ya kuapishwa, amemsamehe mtu aitwaye Ross Ulbricht, aliyekuwa akitumikia kifungo cha maisha kwa kuendesha soko la dawa za kulevya ndani ya kompyuta. Nilishangaa. Soko ndani ya kompyuta lina milango gani, na mnunuzi anamjuaje mwuzaji? Mjukuu wangu, mtoto wa yule yule niliyemtafutia sabuni, anasoma mambo ya kompyuta Dodoma, na alikuwa nyumbani Kasulu kwa likizo. Akanieleza jioni tatu mfululizo. Jioni ya tatu nilimwambia, "Basi soko hilo mimi nalijua. Nimelitembelea kwa miguu." Akacheka, akidhani babu yake anatania.

Ndugu msomaji, sikuwa natania. Magendo ya nyanda zetu za juu yalikuwa na historia ndefu kuliko sheria iliyoyakataza. Chumvi ya Uvinza ilipanda kwenda Burundi tangu kabla ya Wazungu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji walipewa Urundi na Waingereza wakapewa Tanganyika, na mstari ukachorwa katikati ya watu wanaooana, ambao Kiha chao na Kirundi chao husikilizana bila mkalimani. Kwa hiyo, hali ilipoharibika baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, njia zilikuwa tayari. Kahawa ya Kasulu, hasa ile ya upande wa Manyovu na Buhigwe ambako siku hizi ni wilaya peke yake, ilivuka usiku vichwani mwa watu na juu ya baiskeli, kwa sababu ng'ambo ililipwa papo hapo. Huku kwetu mkulima alipewa stakabadhi, akaambiwa asubiri. Walivyorudi wachukuzi hao, walileta sabuni, betri, vitenge na vipuri vya baiskeli.

Watu wengi hufikiri kwamba biashara ya namna hiyo husimama juu ya giza. Giza lilikuwapo, ndiyo, lakini giza ni rahisi, kila siku jua huzama. Lililokuwa gumu ni kuaminiana. Mwuzaji hawezi kutoa risiti. Mnunuzi akipunjwa hawezi kwenda polisi. Yeyote kati yao aweza kuwa mpelelezi. Ndiyo maana hapakuwa na mtu aliyefika kwa yule mzee peke yake mara ya kwanza. Alipelekwa na mtu aliyekwisha kununua, na huyo aliyempeleka ndiye aliyebeba dhamana. Wachukuzi wa kahawa nao hawakukabidhiana mali na fedha ana kwa ana. Gunia liliachwa kwa mtu wa tatu, mara nyingi mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili, na fedha zikaachwa kwake vile vile. Akiridhika kwamba kila upande umetimiza, aliachia. Jambo hilo tuliliita kuweka amana. Ninaomba msomaji alishike neno hilo.

Sasa tuende ng'ambo ya bahari. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu watatu wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani walibuni namna ya kupeleka habari katika intaneti bila mtu wa katikati kujua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Mjukuu wangu alinieleza kwa mfano wa kitunguu, kwa sababu hata wenyewe walitumia mfano huo. Mimi niliufahamu zaidi kwa bahasha. Chukua barua, uitie katika bahasha, bahasha hiyo katika nyingine, na hiyo katika ya tatu. Mpokeaji wa kwanza hufungua ya nje, akaona jina la mtu wa pili tu. Wa pili hufungua yake, akaona jina la wa tatu. Wa kwanza anamjua aliyetuma lakini hajui mwisho wa safari. Wa mwisho anajua mwisho lakini hajui mwanzo. Mpango huo uliwekwa hadharani mwaka 2002 kwa jina la Tor, na watu wengi wanautumia kwa mambo halali kabisa, waandishi wa habari wakiwamo, na raia wa nchi ambazo serikali zake husoma barua za watu. Kurasa zinazofikiwa kwa njia ya namna hiyo tu ndizo zinazoitwa mtandao wa giza.

Kulibaki tatizo la malipo. Benki ina daftari, na daftari lina majina. Januari 2009 ikaanza kutumika fedha ya bitikoini, iliyobuniwa na mtu, au watu, waliojificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto. Fedha hii haina benki. Badala yake ina daftari moja kubwa ambalo nakala zake zimo katika kompyuta za watu duniani kote, na kila malipo huandikwa humo kwa namba badala ya jina. Hapa nchini Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba si fedha halali. Tutarudi kwenye daftari hilo.

Ross Ulbricht alikuwa kijana wa Texas, msomi wa fizikia. Mwanzoni mwa 2011 alifungua ukurasa aliouita Silk Road, yaani Njia ya Hariri, kwa kukumbuka njia ya kale ya misafara kati ya Uchina na nchi za magharibi. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa uyoga wa kulevya alioulima mwenyewe. Yeye alijiita Dread Pirate Roberts, jina la haramia wa hadithi ambalo hurithishwa kutoka kwa mtu hadi mtu, ili pasiwe na anayejua aliyelivaa leo ni nani. Baada ya miezi michache wauzaji walikuwa wengi, na baada ya miaka miwili maelfu ya bidhaa yalikuwa yamepangwa kama katika duka la kawaida: bangi, kokeni, heroini, vidonge vya kila namna, kila kimoja na picha yake na bei yake. Mali yenyewe ilisafiri kwa posta, katika bahasha za kawaida. Tarishi ndiye aliyekuwa mchukuzi wao, bila kujua.

Je, waliaminianaje? Hapa ndipo nilipoinuka kitini. Mnunuzi hakumlipa mwuzaji. Alilipa kwa mwenye soko, naye alizishika fedha hadi mnunuzi aseme kifurushi kimefika. Ndipo alipoziachia, akikata ushuru wake, ambao kwa maelezo ya mashtaka ulikuwa kati ya asilimia 8 na 15. Hiyo ni amana ile ile! Na badala ya mtu wa kukupeleka kwa mkono, kulikuwa na nyota: kila mnunuzi alitoa alama kwa mwuzaji, akaandika kama mali ilikuwa nzuri na kama imefika kwa wakati. Mwuzaji mwenye nyota nyingi alizilinda kama mtu wa kwetu anavyolinda jina la ukoo. Mimi niliyesahihisha madaftari kwa miaka 40 nilikiri kwamba walikuwa na mfumo wa mitihani mkali kuliko wetu.

Lakini nyota hazikupimwa na mkemia. Ulbricht aliamini, na aliandika mara nyingi, kwamba anawapa watu uhuru, na kwamba anayenunua kwa hiari yake hamdhuru mtu. Maneno haya yalinigusa, maana na sisi tuliyasema tukiwa na sabuni mikononi. Tofauti ni kwamba sabuni haikumwua mtu. Siku ya hukumu yake, tarehe 29 Mei 2015, upande wa mashtaka ulitaja vifo sita vilivyohusishwa na dawa zilizonunuliwa katika soko lile, na wazazi wa baadhi ya marehemu walisimama mbele ya hakimu. Ilielezwa pia kwamba yeye mwenyewe alilipa fedha ili watu wauawe, mmoja kwa kudhaniwa ameiba na mwingine kwa kutishia kutoa majina ya wateja. Hakuna aliyeuawa, aliyepokea fedha mara nyingine alikuwa askari, mara nyingine tapeli. Wala hakushtakiwa kwa hayo katika kesi ile ya New York. Hata hivyo ninaona hapo ndipo uhuru wake ulipofika mwisho. Soko lisilo na baraza la wazee wala mahakama, siku amana inapovunjwa, halina la kufanya ila kumtafuta mtu mwenye kisu.

Alikamatwa tarehe 1 Oktoba 2013 katika maktaba ya mtaa San Francisco. Wapelelezi hawakuvunja bahasha hata moja. Mtumishi mmoja wa kodi alipekua intaneti kwa njia ya kawaida, akakuta matangazo ya kwanza kabisa ya soko hilo, na mtu aliyeyaandika aliwahi mahali pengine kuweka anwani yenye jina lake halisi. Mpelelezi mwingine alikuwa amejipenyeza miongoni mwa wafanyakazi wa soko, na siku hiyo alikuwa akizungumza naye kwa maandishi. Nyuma yake mwanamume na mwanamke wakajifanya wanagombana. Alipogeuka kutazama, kompyuta ikanyakuliwa ikiwa wazi. Ndani yake alikuwa ameweka shajara ya shughuli zake. Akahukumiwa vifungo viwili vya maisha na miaka 40, na kutakiwa kulipa zaidi ya dola milioni 183. Haikuishia hapo: watumishi wawili wa serikali waliokuwa katika upelelezi huo walipatikana na hatia, mwaka 2015, ya kuiba bitikoini za soko lile walilotumwa kulivunja. Magendo hupenda kuwaambukiza wanaoyafukuza. Hilo nalo tulilijua huku mpakani, ingawa halikuandikwa.

Wengine walifungua masoko mapya kabla ya mwaka kwisha. Mojawapo liliitwa Evolution. Machi 2015 wenye soko hilo walitoweka na amana zote zilizokuwa mikononi mwao, zikikadiriwa kuwa dola milioni 12. Wateja wakaachwa wakilalamika kwa maandishi, bila mahali pa kushtaki. Mjukuu wangu aliposimulia hilo alicheka tena. Mimi sikucheka, na sababu yake nitaisema.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha mwaka 2017. Soko kubwa wakati huo lilikuwa AlphaBay, lenye watumiaji zaidi ya 200,000 na wauzaji 40,000 kwa hesabu ya polisi wa Ulaya. Mwenyewe, Mkanada aliyeishi Bangkok, aliwahi kuacha anwani yake binafsi katika barua ya kuwakaribisha wanachama wapya. Alikamatwa tarehe 5 Julai na wiki moja baadaye akakutwa amekufa mahabusu. Soko likazimika ghafla bila maelezo. Wateja walidhani wametapeliwa kama kwa Evolution, wakakimbilia soko jingine lililoitwa Hansa, ambako walijiandikisha kwa wingi mara nane kuliko kawaida. Hawakujua kwamba tangu tarehe 20 Juni Hansa ilikuwa mikononi mwa polisi wa Uholanzi. Wenyewe wawili walikwisha kukamatwa Ujerumani, na askari walikuwa wamekaa katika viti vyao, wakijibu barua kwa adabu, wakiamua magomvi ya wateja, huku wakinakili anwani zao. Kwa takribani mwezi mmoja waliliendesha, kisha tarehe 20 Julai wakalifunga na kutangaza. Anwani za wanunuzi zipatazo 10,000 za nje ya Uholanzi zilikabidhiwa kwa polisi wa nchi nyingine. Tazama ujanja huo: hawakuwashinda kwa kuvunja kufuli la kompyuta. Waliushinda uaminifu wenyewe. Baada ya hapo kila mwenye soko aliyejibu kwa adabu aliweza kudhaniwa ni askari.

Urusi walifanya kwa namna yao. Soko la Hydra, lililoanza 2015, halikutumia posta. Mali ilifukiwa chini ya mti au kufichwa nyuma ya bomba, na mnunuzi akiisha kulipa alielekezwa mahali pa kuchimba. Hapa nilimkumbuka kila mchukuzi wa kahawa aliyewahi kuficha gunia lake msituni. Polisi wa Ujerumani waliifunga Aprili 2022, wakiikuta na akaunti za wateja milioni 17.

Pwani yetu, kwa upande wake, haikuhitaji mitambo hii. Heroini ya Afghanistan hushuka kwa majahazi kutoka pwani ya Makran hadi maji ya Kenya, Zanzibar na kusini zaidi, na biashara hiyo imeendeshwa kwa undugu, simu na fedha taslimu. Madhara yake tunayaona. Muhimbili ilianza kuwatibu waathirika kwa methadoni mwaka 2011. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Novemba 2014 baada ya kuwapa kilo 99 za heroini watu waliodhani ni wajumbe wa wafanyabiashara wa Kolombia. Walikuwa watu wa serikali ya Marekani. Walipelekwa huko Januari 2017, wakafungwa, mmoja miaka 25 na mwingine 23. Yaani ni Hansa ile ile bila kompyuta: mtu amekaa katika kiti kisicho chake, naye akaaminiwa.

Sasa nirudi Kibondo, maana nimemwahidi msomaji. Baada ya ile sabuni ya kwanza, mimi ndiye niliyewapeleka walimu wenzangu kwa mzee. Kisha ikawa taabu watu sita kutembea usiku, basi nikawa nachukua mali yao yote kwa jina langu, mali kauli, na mwisho wa mwezi nakusanya fedha na kupeleka. Nilikuwa ndiye mshika amana. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Nchi nzima watu walitupa mali mitoni na vichakani usiku. Mzee alipata habari saa chache kabla ya askari kufika. Nilisimuliwa na jirani yake kwamba kabla ya kuvuka mpaka alifanya jambo moja tu: alilitia motoni daftari lake la madeni. Lilikuwa daftari la shule, na ninafikiri nilimpa mimi. Humo kulikuwa na majina yetu sote. Walimu sita tungefukuzwa kazi, pengine kufungwa, na yeye alijua kwamba akilichoma hatadai hata senti.

Fedha za mwezi huo zilikuwa kwangu, zimekwisha kukusanywa. Niliziweka katika kopo kwa muda. Kisha mtoto akaugua, kisha likaja hili na lile, nikazitumia. Wenzangu hawakuuliza, na mimi sikuwaambia.

Daftari la bitikoini haliungui. Mwaka 2020, miaka saba baada ya Njia ya Hariri kufungwa, serikali ya Marekani ilifuata namba katika daftari hilo ikakamata bitikoini karibu 70,000 zilizokuwa zimeibwa kutoka soko lile, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni moja. Mjukuu wangu anasema huo ndio uzuri wake, kwamba hakuna deni wala wizi unaopotea humo. Nilimwuliza kama humo kuna nafasi ya mtu kuchoma jina la mwenzake ili kumwokoa. Alifikiri kidogo, akasema hapana, Babu, haiwezekani.

Yule mzee alirudi, biashara ilipokwisha kufunguliwa na sabuni kujaa madukani. Mwaka 1989 alipita shuleni kwangu akiwa na baiskeli, nywele zimekuwa nyeupe. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu, nina ofisi na kiti cha mgeni, na mshahara ulikuwa umetoka wiki hiyo. Nilimkaribisha akae. Alikataa kwa heshima, akasema safari bado ndefu. Aliuliza yule mtoto anaendeleaje. Nikamwambia ameanza darasa la kwanza. Akasema, "Vema, Mwalimu," akageuza baiskeli yake, akashika njia ya Mabamba.